Pumzi za Imakulata

Imakulata aliposhikwa na zile pumzi, kina mama wa matangani pale Mwera waliacha kumenya vitunguu. Alihema kwa nguvu, kifua juu chini kama mtu aliyekimbizwa, na alikuwa hajanyanyuka jamvini tangu asubuhi. Bi Asmahani, shangazi wa wafiwa, akakata shauri: huyu ana kitu kichwani, afukizwe. Kikaletwa chetezo cha ubani na shuka zito la kumfunikia gubigubi.

Mwenyewe alijua kilichomfika. Alikuja kumzika mama wa shoga yake Shadya, sindano zake za kisukari akazisahau kwake Maramba, akaona haya kuaga kabla ya hitima. Haya! Ndiyo iliyomuua baba yake kwenye mashamba ya mkonge. Alihema hivi hivi, nyapara akasema anajifanya ili akwepe kazi, na mzee akanyamaza kwa adabu mpaka wakamfukia.

Daktari alishamweleza. Bila ile dawa mwili hauwezi kuitumia sukari, unachoma mafuta, na damu inaingia uchachu. Figo zinahangaika kuutoa kwa mkojo, mapafu yanautoa kwa pumzi. Kuhema kule ni mwili wake uliokuwa unampigania, na hawa wanataka kuuziba mdomo.

Shuka likamwangukia usoni, moshi ukamjaa puani. Akalivuta, akalitupa kule.

"Pepo wa Kikristo huyo, ubani haumwingii," mmoja akanong'ona, wenzake wakabana vicheko.

"Ubani naunusa kanisani kila Jumapili," Imakulata akasema, akikatwa na pumzi kila neno. "Ungekuwa unatoa kitu, kingeshatoka."

Bi Asmahani akambembeleza alale chali, atulie, avute pumzi polepole.

"Situlii, bibi. Nikitulia nakufa. Shadya, niitie pikipiki."

Shadya alimtazama shangazi yake, akamtazama shoga yake, kisha akatoka kwenda kuwaita vijana wa pikipiki. Bi Asmahani akasimama mlangoni: kuondoka hivyo ni kumtukana marehemu.

"Marehemu nitamwombea nikiwa hai," Imakulata akajibu, akapenya ubavuni mwake, akihema kwa sauti makusudi, wanaume wa nje nao wasikie.

Kwenye kituo cha afya walimtundikia maji, wakamchoma dawa. Kuelekea magharibi pumzi zikashuka zenyewe, hazikuamrishwa na mtu. Shadya, aliyekaa ukingoni mwa kitanda, akamuuliza akamwambie nini shangazi.

"Mwambie nilitoka bila ruhusa."