Picha Isiyo na Adui

Bibi Demetria na Bibi Rosalia walikuwa na jamvi moja sokoni Tandale, ubavuni mwa duka la nafaka la Muhsin, na kazi yao ilikuwa kuchambua maharage. Muhsin anamwaga gunia, wao wanatoa mawe, vijiti, na punje zilizotobolewa na wadudu. Walikaa hivyo miaka mingi, wakipigana vijembe na kucheka, ungo ukienda huku na kurudi. Wote wawili walitoka Burundi. Mtu akiwauliza habari za huko, walijibu kwa mkato tu, maana kila mmoja alitoka upande wake wa vita vile vya wenyewe kwa wenyewe, na walishaona kwamba jamvi linatosha watu wawili lakini halitoshi vita.

Mbele yao kilikuwepo kibanda umiza cha Khalfani, cha mabati, chenye runinga kubwa na mabenchi ya watu kuangalia picha. Humo ndimo alimofanya kazi Albano, mjukuu wa Demetria. Albano alikuwa mtafsiri wa picha. Anakaa kando ya runinga na maiki yake, picha inaongea Kichina au Kihindi, yeye anaisemea kwa Kiswahili, anatia na chumvi, na spika iliyoning'inizwa nje inamwaga yote sokoni. Kila picha aliipa steringi, ndiye shujaa wake, na adui, na kila adui alimpa jina la kuchekesha. Watu wa Tandale walikuwa hawaingii kabla hawajauliza steringi nani.

Jumamosi moja Khalfani alileta picha ya Kirundi, ndefu, ya kuoneshwa vipande viwili, nusu leo na nusu Jumamosi ijayo. Ilikuwa habari ya mama mmoja aliyekimbia vita, akakaa kambini mpaka akazeeka, na vilipokwisha akarudi kwao. Akakuta nyumba yake inakaliwa na mama mwingine, ana watoto na wajukuu humo humo. Albano alizaliwa Mwananyamala, Kirundi hajui, basi alitafsiri kama alivyozoea, kwa kuangalia sura za watu. Aliyerudi akamfanya steringi. Aliyekuwemo ndani akamwita Mama Kupe.

"Mcheki Mama Kupe anavyofungua mlango," ikasema spika. "Kanenepa kwa shamba la mwenzie. Kang'ang'ania damu, hatoki."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. "Mtoe huyo mwizi," sauti ya Muhsin ilisikika kuliko zote.

Pale jamvini, mkono wa Rosalia ulisimama juu ya ungo. Akauweka ungo chini taratibu, akajifunga kanga vizuri.

"Kichwa kinaniuma, shoga," alisema, akaenda zake.

Demetria hakumzuia. Alijua kinachouma si kichwa. Siku moja zamani, katikati ya gunia, Rosalia alimweleza kwamba alipokuwa msichana mdogo, watu wenye bunduki waliichukua familia yao wakaipeleka kwenye nyumba ya watu waliokimbia, wakamwambia baba yake kaa hapa, usipokaa utatueleza kwa nini. Jikoni walikuta chungu cha maharage, bado cha moto. Walikuwa na njaa, wakala. Siku hiyo Demetria, ambaye yeye mwenyewe alikimbia akiacha chungu motoni, katika mkoa mwingine kabisa, alisema tu, "Nipitishie ungo." Na hawakuyarudia.

Jumatatu Rosalia hakuja. Jumanne hakuja. Jumatano Demetria akamfuata chumbani kwake, akamkuta anakunja nguo anazitia kwenye begi.

"Safari ya wapi tena?"

"Goba, kwa Adelard. Mwanangu kasema kuna chumba. Anakuja kunichukua Jumamosi jioni."

"Goba utamchambulia nani maharage? Kule watu wananunua ya pakiti."

Rosalia hakucheka. Akakaa kitandani. "Mtaa mzima ulicheka, Demetria. Na wewe ndiye uliyefukuzwa kwenu, umekaa pembeni yangu unasikia. Nikajiuliza, huyu miaka yote hii ananionaje? Kumbe ananiona Mama Kupe."

"Nimekwambia lini?"

"Hujasema. Ndiyo shida yenyewe. Hukuwahi kusema kitu."

Demetria aliangalia lile begi. Hakuwa mtu wa kubembeleza, na aliona maneno ya chumbani hayawezi kufuta yaliyosemwa na spika mbele ya soko. Yaliyotoka kwa spika yangerekebishwa kwa spika.

"Adelard akichelewa kwenye foleni, utangojea wapi? Kaa jamvini kwetu," alisema. "Halafu hiyo Goba utakwenda ukitaka."

Jioni hiyo akamkalisha Albano chini.

"Mume wangu," alimwita hivyo tangu mtoto, kama bibi wote wanavyowatania wajukuu zao wa kiume, "hiyo nusu ya pili niwekee niione."

Akaiangalia kwenye simu ya Albano, ameiegemeza kwenye chupa ya chai, mpaka mwisho. Kisha akasema, "Jumamosi natafsiri mie."

Albano alidhani ni utani. "Bibi, hii kazi ina watu wake. Watu wakikosa adui wananyanyuka."

"Wanyanyuke."

"Mie nina jina pale, bibi. Nikilipoteza, nimekwisha."

"Hilo jina ulipewa na nani?"

Albano akajikuna kichwa. "Na wewe."

"Basi nikiliazima alasiri moja halitachakaa."

Akamweleza habari ya Rosalia, yote, kwa mara ya kwanza. Albano alizoea kula maandazi ya Rosalia tangu hajaota meno ya mbele. Aliinamisha uso, akasema, "Mie sikujua kama ni watu wa kweli."

"Sasa unajua. Nifundishe hiyo maiki inawashwa wapi."

Jumamosi kibanda kilijaa. Demetria alipokaa kwenye kiti cha mtafsiri, na kitenge chake kipya, manung'uniko yakaanza nyuma. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliona jamvi lake, na juu yake Rosalia amekaa, begi pembeni, uso ameugeuzia barabarani.

"Bibi Demetria, shikamoo," Muhsin alisema kutoka benchi la mbele. "Leo umetuacha na mawe kwenye maharage?"

"Marahaba. Leo nachambua mengine."

Watu wakacheka. "Haya tuambie basi, steringi nani?"

"Steringi ni nyumba."

"Nyumba? Na adui?"

"Adui alishaondoka kabla picha haijaanza," Demetria alisema, na spika ikayatoa nje mpaka kwenye mafungu ya nyanya. "Alikuja na bunduki. Akawatoa hawa, akawaingiza wale, akaenda zake kulala. Nyie mnawaona hawa wamama wawili, mmoja mnamshangilia, mmoja mnamzomea. Mie nilitolewa kwenye nyumba kama hii hii. Angekuwepo mtu wa kumzomea huyu mama, ningekuwa mie. Na mie simzomei. Washa picha, Khalfani."

Hakuna aliyenyanyuka.

Akatafsiri bila haraka. Mama aliyerudi aliposema kitu, alisema. Mwenye watoto alipojibu, alijibu, na hakuongeza lake. Ikafika pahala yule aliyerudi anaingia jikoni, anashika jiwe la mafiga, anakaa chini. Mwenzake anasimama mlangoni. Picha ikanyamaza, na Demetria naye akanyamaza. Pahala kama hapo ndipo Albano huwa anatia vichekesho vyake vyote.

"Bibi, maiki imekata?" akauliza mtu.

"Haijakata. Wao hawasemi, na mie sisemi."

Wakangoja. Nje muuza nyanya aliacha kuita wateja. Kisha yule mama wa mlangoni akafumbua mdomo, na Demetria akaisema sauti yake: "Tulikuja na njaa. Tukala mlichoacha. Kila nikipika hapa nakukumbuka, na sikujua jina lako." Na yule aliyekaa chini akajibu: "Jina langu sasa unalijua. Ingia ukae hapo, nami nikae hapa jikoni kwangu."

Mwisho wa picha wale mama wawili walikata shamba katikati kwa mstari wa migomba. Waliokuwa kibandani walibishana kama ni haki au si haki, Muhsin akisema yeye angekwenda mahakamani, mwingine akimwambia wewe hata jirani yako wa ukuta humsalimii. Lakini jina la Mama Kupe halikutajwa tena. Albano alichukua maiki yake, akaifuta kwa shati, akasema kwa sauti ya chini, "Jina lako nakurudishia, bibi. Limekukaa."

Demetria akatoka, akakaa jamvini. Rosalia alikuwa amevuta ungo na kuanza kuchambua, begi bado pembeni. Walichambua pamoja kitambo.

"Shoga," Demetria akasema, "nikuulize. Yale maharage mliyoyakuta, yalikuwa yameiva?"

Mkono wa Rosalia ulisimama. Ukaendelea. "Yameiva vizuri. Ila hayakuwa na chumvi."

"Sie tulikuwa tunatia chumvi mwishoni. Hata yangu niliyaacha bila chumvi."

"Tulikula hivyo hivyo. Mama yangu alilia, akasema aliyeyapika anajua kupika."

"Mama yako alikuwa na adabu."

Bajaji ikasimama kando ya barabara, akashuka Adelard, akawaamkia wote wawili, kisha akainama kuchukua begi la mama yake.

"Liache hapo," Rosalia alisema bila kuinua uso. "Gunia hili halijafika hata nusu. Kaa, utuache tumalize, halafu unirudishe chumbani kwangu."

Akamsogezea Demetria ungo.