Sahihi ya Mwalimu Odette

Siku mbili baada ya uchaguzi wa bunge la jimbo, mgombea waliyempigania akina Verna alikuwa mbele kwa kura kumi na moja. Kumi na moja tu, katika wilaya yenye watu wa kujaza uwanja wa mpira. Verna Kessler, aliyeendesha basi la shule miaka ishirini na sita bila kugonga hata paka, alisema hajawahi kuogopa namba ndogo kiasi hicho.

Bunge hilo ndilo lingeamua kama wananchi wataulizwa mambo mawili: haki ya mwanamke kuamua kuhusu mimba yake, na kufutwa kwa ule mstari wa zamani wa katiba ya jimbo unaosema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke tu. Verna alikuwa na mke, Odette Pruitt, mwaka wa kumi na moja sasa. Mahakama kuu ya nchi iliwaruhusu kuoana, lakini mstari wenyewe haukuondolewa. Ulikuwa umelala pale kama nyoka chini ya ngazi, na Verna si mtu wa kuamini usingizi wa nyoka.

Bahasha thelathini na tisa za kura za posta zilikuwa zimekataliwa. Nyingine hazikusainiwa, nyingine sahihi yake haikufanana na iliyomo kwenye daftari la wapiga kura. Wenyewe walipewa mpaka Ijumaa saa sita mchana kwenda ofisi ya uchaguzi kurekebisha. Basi Alhamisi mchana Rosalind Tate, muuguzi aliyeongoza kundi la kujitolea, aligawa orodha mezani jikoni kwake, katikati ya sufuria ya maharage na boksi la donati. Mwaka uliopita mimba ya Rosalind iliharibika, akavuja damu kwa muda wa saa tisa kitandani hospitalini huku madaktari wakimsubiri mwanasheria awaambie kama sheria ya mimba inawaruhusu kumgusa. Tangu siku hiyo hakuwa na muda wa mchezo.

"Verna, chukua mtaa wenu. Majina manne," alisema. "Na usibishane na mtu. Unagonga, unajitambulisha, unamwambia akarekebishe. Basi."

"Mimi nimebishana na nani?"

"Nikuhesabie?"

Wa kwanza alikuwa fundi bomba aliyesahau kusaini kabisa. Wa pili na wa tatu walikuwa mume na mke waliobadilishana bahasha, kila mmoja akasaini ya mwenzake, na sasa walikuwa wakilaumiana mlangoni mpaka Verna akawaacha waendelee. Akageuza karatasi kutafuta jina la nne. Pruitt, Odette M., nyumba namba 214. Sahihi hailingani.

Alisoma mara tatu. Ilikuwa nyumba yake. Mganga hajigangi: Verna alikuwa amegonga milango mia nne akiwakumbusha watu bahasha zao, na ya mezani kwake hakuiulizia.

Alipanda ngazi akiwa na hasira na aibu pamoja. Badala ya kufungua, akagonga.

"Ufunguo unao, dereva," sauti ya Odette ilitoka ndani.

"Niko kazini. Naitwa Verna, najitolea. Namtafuta Bi. Odette Pruitt."

"Hayupo," alisema Odette.

Verna aliingia. Odette alikuwa kwenye kiti cha dirishani, mkono wa kulia umelala mapajani, vile ulivyokuwa umelala tangu kiharusi cha mwezi wa tatu. Hakumtazama.

"Barua ya ofisi ilikuja lini?"

"Wiki iliyopita. Iko ndani ya pipa la unga."

"Kwenye unga, Mwalimu?"

"We huoki. Nilijua hutaiona."

Verna alitaka kupiga kelele, akajikuta anakaa chini. Aliuliza kwa nini, ingawa alishaanza kujua.

"Nimefundisha watoto kuandika miaka thelathini na moja," alisema Odette. "Nusu ya ile ofisi niliwashika mkono mimi mwenyewe. Leo niende nikawaonyeshe hii? Kuku akiparua anaandika vizuri kunishinda. Kura moja, Verna. Haitaua mtu."

"Mwezi wa tatu muuguzi aliniuliza pale mlangoni hospitalini, wewe nani wake? Nikasema, mimi mke wake. Akanifungulia. Sikuonyesha karatasi, sikumbembeleza mtu. Neno hilo moja," alisema Verna. "Nataka liendelee kunifungulia, mama. Ukiugua tena, nataka nipite."

Asubuhi ya Ijumaa Verna alimkuta Odette ameshavaa koti, tena amelifunga vifungo mwenyewe, kimoja kimepitiliza tundu lake.

Dirishani kwenye ofisi ya uchaguzi alikaa Curtis Bohannon, ndevu zimeanza mvi, mtu mzima mwenye wajukuu. Odette alimtambua, akataka kugeuka. Verna akasimama nyuma yake kama ukuta.

"Curtis," alisema Odette, "siwezi tena ile sahihi yangu ya zamani."

"Ile siitaki, Mwalimu. Saini unavyosaini leo. Hii ndiyo itakayoingia kwenye daftari."

Odette akashika kalamu kwa mkono wa kushoto. Herufi ya kwanza ilitoka imelala, ya pili ikapanda juu ya mstari. Akaacha kuandika, masikio yamemwiva. Nyuma yao foleni ilikuwa imefika mlangoni, na saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika arobaini.

"Polepole," alisema Curtis kwa sauti ya chini. "Karatasi haikimbii."

Odette aliinua macho. Maneno yalikuwa yake mwenyewe, aliyowaambia watoto wa miaka saba kila asubuhi, mwaka baada ya mwaka. Alicheka, machozi yakamtoka, akamaliza jina lake. Kulikuwa na nafasi ya shahidi, na mbele yake nafasi ya kuandika uhusiano wake na mpiga kura. Verna alisaini haraka, akanyoosha mkono ajaze na ile ya pili.

"Niachie," alisema Odette, na akaandika mwenyewe: mke. Curtis akapiga muhuri.

Saa kumi jioni Rosalind alipiga simu. Bahasha zilizorekebishwa zilikuwa zimehesabiwa, wamefika kura kumi na tisa mbele, na mpinzani ameshakubali kushindwa. Verna aliweka simu chini akalia bila kujificha, mabega yakamshuka kwa mara ya kwanza tangu kiangazi.

Odette alikuwa na nakala ya fomu magotini, ameivalia miwani.

"Hili neno la mwisho limepinda," alisema. "Lingekuwa la mtoto wangu darasani, ningemwambia arudie."

"Usirudie," alisema Verna. "Limeshapigwa muhuri."