Mguu wa Kufundishia

Pale Junda, juu ya duka la vyuma, palikuwa na chuo kidogo cha kufundisha watu kutibu viungo. Walikuwa wakitafuta mzee wa kulala kitandani ili wanafunzi wajifunzie kwake. Niliposikia kwamba mwalimu ni Bonface, nilivaa kanzu safi nikaenda siku hiyo hiyo.

Hakunijua. Angenijulia wapi? Alipomwunguza dada yangu Ruwaida, mimi nilikuwa na malori huko Lubumbashi. Maisha yangu hayakutulia, leo Tunduma, kesho Kigali, na habari za nyumbani zilinifikia zikiwa zimeshachacha. Niliporudi kwetu Bofu, huko Likoni, nilimkuta amekatwa mguu chini ya goti. Mtu aliyekuwa akisimamia masufuria ya pilau harusi nzima, akitukana wapishi wenzake na kuonja chumvi, sasa amekaa mkekani anawachambulia wengine mchele.

Kisa chenyewe ni kifupi. Sukari ilikuwa imemfisha ganzi miguu. Bonface, wakati huo akitibu viungo hospitalini, alimwekea mfuko wa joto kwenye kifundo, akamwuliza, uko fiti mama? Ruwaida akajibu alhamdulillahi. Akamwuliza tena, akajibu vile vile. Ulipoondolewa, ngozi ilikuwa imeiva, na kidonda hakikupona tena. Watu wa nyumbani walipolalamika, Bonface alisema alimwuliza mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe akasema yuko sawa. Wakubwa wake wakatosheka.

Mimi sikutosheka.

Sasa, na mimi mguu wangu wa kushoto, upande wa nje chini ya goti, haujui kitu. Waya wa chuma uliupiga nikiwa kibarua bandarini, na tangu hapo hata mbwa aniume pale sina habari. Jambo hilo sikumwambia Bonface. Nilingoja aniulize.

Haki yake nitampa, alikuwa akifundisha vizuri. Barafu, aliwaambia wanafunzi, isiguse ngozi tupu. Umeme uanze chini kabisa, upandishwe taratibu, na mgonjwa ndiye mwenye kusema basi. Walinibandika vile vipande vyenye nyaya begani, msuli ukawa unaruka wenyewe kama pweza aliyetolewa majini, wasichana wakacheka, nami nikacheka nao. Na kabla ya joto, alisema, chukua chupa mbili, moja ya maji moto na moja ya baridi, mgonjwa afumbe macho, umguse pale pale utakapomtibu, akwambie ipi ni ipi. Alinipima hivyo begani nikajibu sawasawa. Moyoni nikaweka ahadi: siku akinipima mguu, nitamwambia kweli, nirudi zangu Likoni na nimsamehe.

Wakaja wakaguzi kuangalia kama chuo kinastahili kuendelea, mkubwa wao mama mmoja mkimya, Bi Wairimu. Walichelewa kufika, na Bonface akawa mtu wa haraka na jasho. Nilipanda kitandani nikamwambia leo bega halina neno, kinachonisumbua ni goti hili la kushoto na huku chini yake. Goti lilikuwa likiuma kweli, mzee hakosi pa kuumwa. Mwanafunzi mmoja, Shaza, akazishika zile chupa mbili. Bonface akamwashiria aziweke.

"Huyu tushampima," akasema.

Nikatazama dari. Basi, nikasema kimoyomoyo, umechagua mwenyewe.

Akautoa mfuko kwenye maji ya moto, akauzungushia taulo, akaulaza mguuni. Nilijua umefika kwa uzito wake tu. Akaanza kuwaeleza wageni jinsi joto linavyolegeza msuli, kwa maneno mazuri, kisha akanigeukia.

"Uko fiti, mzee?"

"Alhamdulillahi."

Akaendelea na maelezo yake. Mimi nililala nikiifikiria ngozi yangu kule chini, inaiva bila mimi, na wallahi niliogopa. Ningeweza kuukosa mguu huu kama alivyoukosa Ruwaida. Neno moja tu lingetosha kuuokoa. Nililimeza.

"Lakini uko sawa?"

"Alhamdulillahi, mwanangu. Twashukuru."

Alipofunua taulo, Shaza alijiziba mdomo. Malengelenge yalikuwa yametuna kama maandazi ndani ya mafuta.

"Mzee," Bonface akasema, "si nimekuuliza?"

"Umeniuliza hali. Mtu wa huku akiulizwa hali hushukuru, hata kama yuafa. Moto hukuniuliza."

Bi Wairimu alizichukua zile chupa mwenyewe. Akanifumbisha macho akanigusa begani, nikajibu. Akanigusa mguuni penye ngozi nzima, nikamwambia sijui kama umenigusa. Hapo akamgeukia Bonface, akataka kujua kama jambo hili limewahi kumtokea kabla ya leo. Bonface akasema hapana.

"Ruwaida wa Bofu," nikasema. "Dada yangu. Yeye pia ulimwuliza hali."

Nimewahi kuona dereva akitazama lori lake likizama mtoni na mzigo wote. Hata yule hakuwa na uso kama wa Bonface siku ile. Niliutazama mpaka nikashiba.

Hakufundisha tena. Alikuja Bofu mwenyewe, viatu mkononi, kuomba radhi. Nilitaka kumtoa mbio, lakini Ruwaida akanizuia. Akamwonyesha mguu wangu.

"Mwoshe," akamwambia. "Na kesho kutwa uje umwoshe tena, hivyo hivyo mpaka apone. Akishapona ndipo nitakujibu hiyo radhi yako."

Basi huja. Hutoka Junda, huvuka feri, hupiga magoti mbele yangu na beseni la maji ya chumvi. Ruwaida huketi ubavuni pangu, akapandisha leso mpaka juu ya goti, akalilaza lile gutu la mguu juu ya mto, karibu kabisa na uso wa Bonface. Humtazama tu anavyoosha, na mwanamume yule amekonda hata shati linamning'inia.

Mimi sina sukari, na kidonda changu kinafunga. Mara ya mwisho Bonface alikichungulia, akatabasamu, akasema safari moja tu imebaki, inshallah. Neno hilo amejifunza kwetu.

Leo asubuhi kigaga kilikuwa kimekauka vizuri. Nilikunywa chai yangu, nikakaa mlangoni penye jua, nikakibandua chote. Kesho ndiyo zamu yake ya kuja.