Kezia wa Upande wa Kushoto

"Nitaichoma hiyo picha! Narudia, Amos, nitaichoma leo leo, na wewe na hilo jicho lako moja mtabaki mnatazama majivu!"

"Gusa uone! We gusa tu hiki kisanduku, Dorcas, leo tutajuana humu ndani!"

"Tutajuana mara ngapi? Miaka ishirini nakujua, na sijaona cha maana!"

Amos Pettit alikuwa amekikumbatia kisanduku kifuani kama mtu aliyekamatwa akiwa na kuku wa jirani. Mkewe alikuwa amesimama kati yake na moto, mikono kiunoni, bado amevaa kofia ya kanisani. Na mezani, kaka yake Dorcas, Silas mwenye mkokoteni, alikuwa anatafuna mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe na kujifanya hayupo. Kaja kula Jumapili, akakuta vita. Angefanyaje? Akala.

Na ukitaka kusema kweli, vita vile alivileta yeye mwenyewe. Ni yeye aliyekichukua kile kisanduku mjini na kukifikisha pale, kimefungwa kwa kamba na maranda ya mbao.

Ilikuwa hivi. Kiangazi kilichopita alikuja bwana mmoja na mashine ya picha, akakaa pale kijijini kama wiki mbili hivi. Akapiga picha kila kitu: mhunzi na nyundo yake, wazee wa kwenye benchi la kanisa, wanawake wakisuka mabua ya ngano ya kutengenezea kofia, hata nguruwe wa Mama Gudgeon. Watu walicheka sana. Eti kuna matajiri huko London wanakaa sebuleni na visanduku vyao vya kutazamia picha, wanatutazama sisi tukimenya viazi! Wana kazi gani hao? Lakini yule bwana alikuwa muungwana, akaahidi kwamba kila nyumba iliyopigwa itapata picha yake. Na akatimiza. Ya kina Pettit ilikuja ndani ya kisanduku chake kabisa, kikuukuu, bawaba imevunjika, chenye matundu mawili ya kuwekea macho.

Ila ilikuja mwezi wa pili. Na Kezia, binti yao, walikuwa wamemzika mwezi wa kwanza.

Kwa hiyo unaelewa. Hakuna picha nyingine ya yule binti duniani. Ni hiyo tu. Amos akirudi kutoka kukata ua wa mashamba, mikono imejaa miiba, hata buti havui. Anakaa dirishani, anaweka uso kwenye kisanduku, na Kezia yuko pale. Amekaa kwenye benchi la mlangoni, rundo la mabua limebanwa kwenye pembe ya mdomo kama kawaida yake, maana mabua makavu hayasukiki mpaka uyaloweshe kwa mate. Mpaka kile kidonda kidogo cha mdomoni, pale ambapo mabua yalimchana kila siku, Amos alikiona. Ametulia. Anamtazama baba yake.

Majirani waliokuja kutazama walisema nyumba inajitokeza yote, mawaridi yanakuja mpaka puani, mlango unarudi nyuma. Amos hilo hakuliona hata siku moja. Akadhani wanatia chumvi. Yeye jicho la kulia lilikufa zamani, mwiba wa ua uliingia ukamaliza habari. Lakini alitaka mawaridi ya nini? Alimtaka Kezia, na Kezia alikuwepo.

Sasa Dorcas akitazama, anapiga yowe.

"Anatetemeka!" alisema sasa hivi, na sauti ikaanza kukatika. "Yupo, hayupo. Yupo, hayupo. Ubao wa benchi nauona kupitia tumboni kwake, Amos! Hivyo ndivyo mtu wa kawaida anavyokaa?"

"Mimi namwona ametulia."

"Wewe unaona unachotaka!"

"Na Mama Gudgeon ndiye kakujaza huo ujinga. Yule akiona shuka kwenye kamba anasema ni marehemu mumewe."

"Mama Gudgeon kaona nilichoona mimi! Kila mwenye macho mawili kaona! Mtoto hajaondoka. Kakwama pale pale mlangoni. Na nani alimkwamisha? Sema! Nani?"

Amos akakibana kisanduku zaidi kifuani. Silas naye akaacha kutafuna.

Maana pale kijijini hata mtoto mdogo anajua. Mtu akikata roho, unafungua mlango, unafungua dirisha, unaachia kila komeo, roho ipate njia. Haijalishi masikini wala tajiri. Kezia alipokata roho, theluji ilikuwa imefika magotini na upepo ulikuwa unalia kwenye bomba la moshi. Na kwenye kitanda cha kubembea alikuwepo Jabez, mtoto wao wa mwisho, anakohoa kikohozi kile kile kilichommaliza dada yake. Dorcas alikwenda kufungua. Amos akaweka mgongo wake kwenye mlango.

"Mmoja ameshakufa," alimwambia. "Unataka wawili?"

Dorcas alimpiga, akamwomba, akampiga tena. Hakusogea mpaka kukakucha. Jabez akapona, kikohozi kikabaki kidogo tu. Na tangu siku ile hawajawahi kulizungumza, mpaka kisanduku kilipokuja.

"Jamani," Silas akasema, "naomba niseme kitu."

"Kula mkate wako!" wakamjibu wote wawili. Hilo walikubaliana.

"Mkate umekwisha. Sikilizeni basi. Siku ile nilikuwepo, si ndiyo nilimbebea yule bwana vyombo vyake? Sasa yule hakupiga mara moja. Alipiga mara mbili. Anapiga, anaisogeza mashine pembeni kidogo, kama upana wa uso, anapiga tena. Jicho hili na picha yake, jicho lile na picha yake. Toa hiyo karatasi, Amos, utaziona ziko mbili."

Amos alikuwa hajawahi kuitoa. Aliogopa kuichafua na vidole vyake.

"Kwa hiyo?" Dorcas akauliza.

"Kwa hiyo muulize mumeo alisema nini baada ya ile ya kwanza."

Amos akahisi masikio yanawaka moto. Alikumbuka. Alikumbuka kila kitu, hata jua lilivyokuwa. Yeye picha aliwahi kuona ikipigwa mnadani tu, na pale mnadani ni mara moja, unalipa, unakwenda zako. Basi yule bwana alipofunika kioo cha mashine, Amos akapaza sauti: "Tayari, imekwisha! Kezia, kuku wako kwenye njegere, kimbia!" Na Kezia akaacha msuko wake benchini, akakimbia. Yeye Amos akabaki amesimama pale getini. Alikuwa amevaa kofia yake nzuri, akaona si vibaya watu wa London wakimtazama kidogo zaidi. Yule bwana alikuwa kichwa ndani ya kitambaa chake cheusi, anasogeza mashine. Alipogundua, aliguna tu. Vioo vyake vya kupigia picha vilikuwa vichache, hakutaka kurudia.

"Weka jicho lako kwenye tundu la kulia, shemeji," Silas akasema polepole.

"La nini?"

"Weka tu."

"Sina haja."

"Anaogopa," Dorcas akasema. "Kuzuia mlango anaweza, kutazama hawezi. Mwanaume huyo!"

Amos akaenda dirishani. Akageuza uso, akalipeleka jicho lake zima kwenye lile tundu ambalo siku zote lilikuwa linatazamana na jicho lililokufa.

Mlango. Mawaridi. Benchi tupu, na msuko wa mabua umelala juu yake, haujafika hata nusu. Pembeni, getini, kuna mwanaume kavaa kofia nzuri, kifua mbele, anajisikia.

Akafuta lile tundu kwa mkono wa shati, akatazama tena. Jabez akakohoa, akanyamaza.

"Umeona?" Dorcas akauliza, safari hii bila kelele.

"Nimeona."

"Basi si mzimu, dada," Silas akasema. "Jicho moja linamwona, jingine linaona benchi tupu. Ni mashine tu. Yameisha, si ndiyo?"

"Yameisha nini?" Dorcas akamgeukia. "Mashine mimi siijui. Ninayemjua ni mwanangu, anatetemeka mlangoni." Akamwangalia mumewe. "Pale alipokuwa amekaa, ukamwondoa. Alipotaka kuondoka, ukamzuia. Lete nimchome, Amos. Aondoke. Nakuomba."

Amos akakiweka kisanduku dirishani. Aliitoa ile karatasi kwa mara ya kwanza, akaishika kingoni, kama mtu anayeshika mbawa za nondo. Kweli zilikuwa mbili, bega kwa bega, ndogo kuliko alivyodhani. Akanyoosha mkono juu ya rafu, ambako mkasi wa Kezia wa kukatia mabua ulikuwa bado unaning'inia kwa utepe wake. Dorcas akapiga ukelele. Silas akainuka, benchi likaanguka. Amos alikuwa ameshakata, moja kwa moja, katikati.

Ile nusu ya kulia, ya benchi tupu, akaiweka mezani mbele ya mkewe.

"Hiyo choma."

Ile nyingine akaitia ndani ya kofia yake, kwenye bitana, akaivaa kofia vizuri kwa mikono miwili.

"Unampeleka wapi?" Dorcas akauliza.

"Nje."

Akafungua komeo. Upepo ukaingia, moto ukalala, ile nusu ya picha ikaruka kutoka mezani na kuanguka chini, na hakuna aliyeiokota. Jabez akaanza tena kukohoa.

"Amos! Acha mlango wazi!" Dorcas alilia. "Mara hii tu, acha wazi!"

Amos akasimama kizingitini, mkono mmoja juu ya kofia, akamtazama Jabez anavyokohoa. Kisha akatoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka komeo likalia.