Safari ya Mwisho ya Pelikani

...na kumbe viti vyenyewe vinabana hivi, Verlyn akawaza, magoti yamegota mgongoni mwa kiti cha rubani, miaka yote hii anawakatia watu tiketi za kukaa humu na mwenyewe hajapanda hata siku moja, si woga, hapana, ni kwamba mtu mmoja sharti abaki chini kwenye kaunta, na kiti ambacho angekikalia yeye kingekuwa hakijauzwa, na mdogo wake Alston, rubani, kule mbele anasema sijui nini juu ya wingu, "...likisogea tu, dada, tunaondoka," tunaondoka kwenda Guyana, kumkabidhi mnunuzi ndege ya mwisho ya Pelikani, kampuni yao wawili, kisha yeye apitilize Brooklyn kuhamia kwa bintiye, na Alston arudi hapa kisiwani Carriacou peke yake... walianza na hii hii, ya viti tisa, enzi barabara ilipokatiza katikati ya uwanja na polisi akisimamisha magari ili ndege itue, yeye akipima abiria kwa mizani ya kupimia magunia ya kungumanga, maana ndege ndogo haifichwi uzito, na Bi Thelma wa kijiji cha Windward akipayuka mbele ya foleni nzima, "Mizani yako inanisingizia, Verlyn! Nimekuja na mwili wangu, sikuazima wa jirani!" "Basi mwili wako ukae mbele, Bi Thelma, mkia wa ndege usije ukaburuzika chini," watu hoi kwa kicheko... baadaye ndege zikawa tatu, maharusi, watu wa kanivali, majeneza ya waliofia ng'ambo, kisha ikaja boti ya kasi, rahisi, ina kiyoyozi na televisheni, na abiria wakahama kama kuku walioona mtama kwa jirani, ndege moja ikauzwa, nyingine ikang'olewa injini ili hii iruke, naye akasema, Alston, tufute safari ya alfajiri, abiria wanne tu, tunachoma mafuta bure, na Alston akajibu huku anafuta kioo, "Hao wanne wanakwenda Grenada kusafishwa damu, dada. Boti itawatapisha njia nzima," akaendelea kuwarusha mpaka kampuni ikakauka, na mmoja wao alikuwa Bi Thelma, kakonda kabakia macho, "Leo nikalishe popote, mwanangu, sina tena uzito wa kugombaniwa"... na Verlyn ameyatunza maneno yake, ya kumwambia Alston watakapoagana, ungenisikiliza tungekuwa tunaruka hadi leo, ameyanoa miezi kadhaa, ila sasa kitambaa cha kiti hiki kimechakaa pale kichwa kinapoegemea, kimechakaa kwa vichwa vya wagonjwa wa alfajiri, naye kichwa chake kimetua papo hapo, na dirishani bahari inakopita boti inachafuka, nyeupe tupu kwa povu, tungekuwa tunaruka hadi leo, ndiyo, tukimpakia nani, tukimwacha nani gatini na ndoo ya kutapikia... anayatafuta yale maneno na makali yake hayaoni, "Alston," akaita, "tukipaa, nyumba ya mama itakuwa upande gani?" "Kushoto," Alston akasema bila kugeuka, kama mtu aliyelipanga jambo siku nyingi, "nitaizunguka mara mbili uione vizuri," na Verlyn akainuka kwa kuinama, akahamia kushoto, akapangusa kioo kwa kiganja, na wingu lingali limekalia kilima, na panga za injini zimetulia tuli, na yeye hana haraka.