Maji Aliyookoa Mama Tone

Wakulima wa pamba ndio waliombandika jina la Mama Tone, na wala hakukasirika. Alikuwa bibi shamba wa mradi wa umwagiliaji, na kwa misimu mitatu wimbo wake ulikuwa mmoja: msimwagilie kwa mazoea. Fumbata udongo kwanza. Ukishikamana kiganjani, uache, bado una maji. Jaza mfereji mmoja, ruka wa pili. Tandaza mabua juu ya matuta. Wakongwe wa pamba walicheka mpaka wakashika mbavu. "Huyu akija kwako ficha birika," walisema. "Atakuambia chai yako ina maji mengi."

Msimu wa pili mmoja wao akajaribu, na vitumba vyake vikapasuka vyeupe sawasawa na vya jirani, kwa nusu ya maji. Basi wengine wakafuata. Msimu wa tatu ulipokwisha, mlinzi wa lango la kuingiza maji ya mto mferejini alimwambia Mama Tone kwamba siku hizi analifungua nusu tu. Maji mengine yalikuwa yanateremka mtoni.

Huko chini, mwendo wa saa mbili kwa basi, ndiko alikoishi kaka yake mkubwa, na huko mto ulikuwa umekauka tangu pamba ianze. Alipouona umerudi, mwembamba lakini unakwenda, alimpigia simu dada yake.

"Dada, haya maji ni ya kukaa au yanapita njia?"

"Ya kukaa, kaka. Wewe panda."

Akapanda vitunguu nusu ekari, yeye na mkewe, mpaka migongo ikawauma.

Mwezi uliofuata meneja wa mradi alimwita Mama Tone ofisini. Feni ilikuwa inalia juu ya vichwa vyao. Kwenye ramani ya ukutani palikuwa na kipande kipya kilichopakwa kijani, bado kikinuka wino.

"Hongera sana," meneja alisema. "Maji uliyotuokolea yanatosha ekari mia tatu zaidi za pamba. Jumatatu tunafungua."

Mama Tone aliduwaa. "Lakini maji hayo yanaenda kwa watu wa chini."

"Maji yakiteremka na mto bila kuzalisha, sisi tunahesabu yamepotea."

"Hayajapotea. Kuna watu wanayategemea."

"Na mimi nina familia mia mbili zinazosubiri mashamba, hazina hata tuta moja. Niziambie nini?"

Mama Tone alikitazama tena kile kipande cha kijani. Wengi katika hao mia mbili aliwafahamu kwa sura.

Jumatatu lango likafunguliwa lote kuelekea kwenye mfereji mkubwa. Mlinzi alizungusha gurudumu akimpa Mama Tone kisogo.

Siku ya tisa Mama Tone alipanda basi kwenda kwa kaka yake. Aliwakuta yeye na wifi wakibeba ndoo kutoka kisimani. Majani ya vitunguu yalikuwa yamegeuka njano nchani.

"Ya kisima yana chumvi, tunajua," wifi alisema bila kusimama. "Sasa tufanyeje, tukae tuvitazame vikifa?"

"Kaka," Mama Tone alisema, "maji hayarudi."

Kaka yake alipindua ndoo, akaikalia. "Ulikosea vipimo?"

"Vipimo vilikuwa sawa. Yale tuliyookoa wameyapeleka kwenye shamba jingine."

"Kwa hiyo hata ungewaacha wamwage kama zamani..."

"Mto ungekauka vilevile."

"Vilevile," kaka yake alisema taratibu. "Ila mimi nisingepanda."

Hakupandisha sauti. Afadhali angemfukuza. Alinyanyuka, akaenda kumwagia tuta lililobaki, na dada yake akachukua ndoo nyingine akamfuata, wote wakijua ni kazi bure.

Kabla mwezi haujaisha wifi alipiga simu. Walikuwa wamehamia mjini. Mumewe alikuwa amepata kibarua cha kupasua kokoto. "Analala akiwa amekunja ngumi," alisema. "Vidole havifunguki." Kaka mwenyewe hakuja kwenye simu.

Asubuhi ya kwanza ya mafunzo kwenye shamba jipya, Mama Tone alifikiria kuandika barua ya kuacha kazi. Akalitupa wazo hilo mwenyewe. Asipokwenda, hawa wakulima wapya watamwaga maji ovyo, na mto utanyonywa hata zaidi. Akienda, watayatunza, na ramani itapakwa kijani kingine. Alipiga hesabu hiyo kila upande, ikagoma.

Walikuwa wanamsubiri wakiwa na majembe mapya, wengine na watoto mgongoni, nyuso zimewachangamka kama watu waliofika harusini.

"Mama, tuanzie wapi?" mwanamke mmoja aliuliza.

Mama Tone alivua viatu, akaingia mferejini. Aliwafundisha mpaka jua lilipofika utosini, hatua kwa hatua, akirudia kwa wasioelewa. Alifundisha vizuri. Kufundisha vibaya hakukujua, na hilo ndilo lililomkata maini kuliko yote.