Kuku wa Mkwe Hafungwi

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, isipokuwa ametoka kwa mkwe. Huyo huingia mguu mtupu, shingo juu, kama aliyejenga nyumba mwenyewe. Ndivyo alivyoingia kuku mweupe kwa Mama Feza, hapa Kasongo, Jumatano moja baada ya sala ya alasiri, akiwa kwapani mwa mshenga Ayoubu. Alitumwa na Papa Kassimu, muuza vitenge, ambaye mwanawe Fadhili alikuwa amemposa Aicha, binti wa Mama Feza.

Kumfunga kuku wa mkwe ni kumfunga mkwe mwenyewe. Mama Feza alimfungulia mlango wa kibanda, akamkaribisha. Hata chini ya bawa hakumtazama. Mkwe hapekuliwi.

Ndani ya kibanda, Kabambare alikuwa akilalia mayai kumi na moja. Jina hilo alilipata kwa sababu ukoo wake ulitoka huko: marehemu mama mzazi wa Mama Feza aliuleta kwa miguu kutoka Kabambare, jogoo mmoja na mitetea miwili ndani ya kikapu. Ugonjwa wa mwaka jana uliwafagia wote, akabaki huyu peke yake. Mayai hayo yakipoa, ukoo umekwisha.

Siku ya tisa ya kulalia, Kabambare alianza kusimama. Alijikuna, akazunguka kiota, akakaa, akasimama tena. Kilemba chake, kilichokuwa chekundu kama pilipili, kilipauka kama kitenge cha bei ya chini kilichofuliwa mara moja. Mama Feza akamwita jirani yake Élysée, mwenye diploma ya mifugo, ambaye kila Jumapili akitoka misa hupita kuonja sombe yake ya majani ya muhogo.

Élysée alipekua manyoya ya karibu na mkia. Kisha akapitisha ukucha chini ya kijiti wanacholalia kuku. Ukucha ulitoka mwekundu.

"Utitiri," alisema. "Muchana hao wadudu wanajificha mu nyufa. Magaribi wanatoka, wanakunywa damu. Tandika kitambaa cheupe chini ya kijiti, mama. Asubuhi utaniambia."

Asubuhi kitambaa kilikuwa na madoa mekundu, kama alivyosema. Lakini nyufa zilikuwa tupu. Wadudu hawakujificha, walikuwa wanarudi kwao. Mstari mwembamba kama uzi wa kushonea, mwekundu kwa shibe, uliteremka kijitini, ukapita chini ya mlango, ukakata uwanja na kushika njia ya soko.

Mama Feza alijifunga kitenge vizuri, akaufuata. Pikipiki za abiria ziliupisha. Mbele ya msikiti mwadhini aliuruka kwa bismillahi, akaendelea kupiga mswaki.

"Wanatoka kazini," dereva mmoja alimwambia mwenzake.

"Sisi ndiyo tunaenda," mwenzake akajibu, akawasha pikipiki.

Mstari uliingia kwa Papa Kassimu, ukapita kando ya kiti chake na kupotelea katika banda lake, ambamo kuku ishirini walikuwa wakijikuna, vilemba vimepauka wote. Papa Kassimu alikuwa barazani na chai yake.

"Umeamuka salama, mukwe?" aliuliza Mama Feza, macho chini, kama adabu inavyotaka.

"Salama, mukwe."

"Kuku ya hapa iko mizima?"

"Hapana sana," alisema Papa Kassimu, akisogeza kiatu ili wa mwisho wapite. "Ile niliyokutumia ndiyo ilikuwa na nafuu. Hizi zingine nangojea harusi za watu."

Mama Feza alirudi nyumbani na kumweleza Élysée. Élysée alichemsha maji.

Walichoma nyasi za kiota, wakamwaga maji ya moto katika kila ufa, wakapaka kijiti mafuta ya taa na kukiacha juani kikauke. Wakachanganya jivu na udongo mkavu, kuku wakaoga humo, na jivu lililobaki wakalimwaga mlangoni. Kabambare akawekewa nyasi mpya.

"Na huyu mugeni," Élysée alisema, "funga kamba mbali, wiki mbili, mupaka awe safi."

"Nifunge kuku ya mukwe?"

"Kama kamba inatosha, funga na mukwe. Utitiri haujui ukwe."

Mama Feza alimfunga kuku mweupe chini ya mlimau. Jioni wadudu walifika kwa saa yao, wa kijivu, wembamba kwa njaa. Walisimama mbele ya jivu la mlangoni, wakangoja kwa heshima mpaka adhana ya isha, kisha wakageuka kwao. Kesho yake walikuja wachache. Kabambare hakusimama tena, na siku ya ishirini na moja vifaranga tisa vilitoka.

Ndipo Ayoubu mshenga akaja tena, na kuku wa kahawia kwapani.

"Watu wameona kuku ya Papa Kassimu na kamba mu muguu," alisema. "Mukwe wako iko na haya kubwa. Anasema utaingiza hii bila kamba, uombe samahani. Bila samahani, ndoa hakuna."

Kutoka hapo uwanjani nyuzi za wadudu wa Papa Kassimu zilionekana vizuri. Sasa zilikuwa tano, kila moja ikifuata kuku wake wa zawadi. Moja ilikwenda kwa mwalimu wa madrasa aliyepata mtoto, mbili kwa maharusi wa juzi, moja kwa mgonjwa aliyepona. Ya tano ilishika njia ya Lusangi, kwa dada yake Papa Kassimu, na kwa kuwa Lusangi ni mbali, wadudu wake walikuwa wakilala njiani. Watu waliziruka, wakaenda zao. Hakuna aliyemwambia Papa Kassimu neno, maana nusu ya mtaa ni wakwe zake.

Mama Feza alimpokea kuku wa kahawia. Akainua bawa, akatazama. Akapekua mkia, akatazama. Akamgeukia binti yake, aliyekuwa akisukwa nywele kizingitini na ambaye ndoa ilikuwa yake.

"Kamba iko nyuma yako, mama," alisema Aicha. "Na ukaze."

Mama Feza alikaza.

"Mwambie mukwe kuku imefika salama," alimwambia Ayoubu. "Nimeifunga. Samahani siombi."